Filamu ikigusa afya zetu: nini hasa kinachobadilika?

Miaka kadhaa iliyopita, zilitengenezwa Marekani filamu mbili fupi, kila moja ya dakika 11, zenye lengo moja: kuwaeleza wanawake kuhusu virusi vya HPV, saratani ya mlango wa kizazi inayosababishwa navyo na kipimo kinachoigundua mapema. Taarifa zilizomo zilikuwa zile zile, zimepangwa kwa makusudi zisitofautiane. Katika filamu ya kwanza wanaonekana madaktari wakieleza, michoro ikipita, takwimu zikisomwa. Ya pili, The Tamale Lesson, inaanzia jikoni. Familia yenye asili ya Mexico inaandaa chakula cha sherehe ya binti anayetimiza miaka 15. Mikono ina kazi, midomo inapiga soga, na katikati ya soga hiyo mmoja wa mabinti anafichua kwamba amekutwa na HPV. Maswali yanamiminika: umeupataje, una maana gani, utapona? Kisha mazungumzo yanamgeukia mama, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kupimwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, wakiongozwa na Sheila Murphy, waliwaonyesha mamia ya wanawake wa Los Angeles moja ya filamu hizo, kisha wakawafuatilia. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Hadithi ililishinda somo: walioitazama walielewa zaidi, na mtazamo wao kuhusu kipimo ukawa mzuri zaidi. Wanawake wenye asili ya Mexico, ambao mwanzoni walikuwa nyuma ya wenzao katika kupima, walikuwa wameziba pengo hilo baada ya miezi 6.

Tukizoea kusema kwamba filamu fulani "inahamasisha", tunakuwa tumeruka swali lenyewe. Hamasa kila mtu ameionja. Unatoka kwenye filamu ya mwanariadha aliyetoka hospitalini hadi kwenye medali, unajiapiza kwamba kesho alfajiri uko barabarani unakimbia, na alfajiri inakukuta umelala fofofo. Kilichowapeleka wanawake wale kwenye kipimo lazima kiwe kitu kingine, na watu wamekitafiti kwa zaidi ya nusu karne.

Anza na namna tunavyopokea ushauri. Mtu akikuambia moja kwa moja uache sigara, upunguze chumvi, ulale mapema, akili inasimamisha mlinzi mlangoni. Nani huyu anayeniambia? Babu yangu alivuta hadi akafikisha miaka 90. Nitaanza Jumatatu. Ushauri wa afya una tatizo la ziada, kwamba mara nyingi hauna jipya. Hakuna mvutaji asiyejua kuwa sigara ina madhara. Kumrudishia habari hiyo kwa sauti kubwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Hadithi inapita mlango mwingine. Melanie Green na Timothy Brock, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji aliyezama ndani ya hadithi hupunguza kasi ya kubishana nayo, na imani zake husogea kuelekea kule hadithi inakoelekea, hata pale anapoambiwa kwamba ni ya kubuni. Sababu yake haina miujiza. Akili iliyoshughulika kujiuliza kama binti atamwambia mama yake haina nafasi ya kutunga hoja za kupinga kipimo. Hoja zinaweza kuja baadaye, filamu ikiisha, lakini kufikia hapo mtazamaji ameshamwona mtu anayefanana naye akiogopa, akiuliza, na akienda.

Na hapo kwenye "akienda" ndipo uzito ulipo. Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alijipatia jina mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa majaribio ambamo watoto walimtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupulizwa. Watoto walipoachwa na mwanasesere huyo, wengi waliiga, wakati mwingine hadi maneno yale yale. Katika jaribio la mwaka 1963 baadhi yao walikuwa wameona tukio hilo kwenye filamu tu, nao wakaiga vilevile. Bandura alitoa hoja mbili ambazo hadi leo ndizo msingi wa kazi hii. Moja, binadamu hujifunza kwa kutazama wengine na kuona kinachowapata baada ya kutenda. Mbili, kujua jambo jema hakutoshi. Mtu hulitenda pale anapoamini kwamba yeye mwenyewe analiweza. Imani hiyo hujengeka haraka zaidi anapomwona mtu wa hali yake akiliweza, hasa kama mtu huyo alianza kwa kusuasua.

Neno hilo "kusuasua" ndilo alilolishika mwongozaji wa televisheni wa Mexico, Miguel Sabido. Katikati ya miaka ya 1970 aliichukua nadharia ya Bandura akaiingiza kwenye tamthilia za jioni, zile zile za mapenzi, usaliti na machozi. Mfumo wake una wahusika wa aina tatu. Yupo anayefanya jambo jema na mambo yakamnyookea, yupo anayefanya baya na likamtokea puani, na katikati yupo anayeyumba. Huyu wa katikati ndiye anayebeba kazi yote. Anafahamu lililo jema, analitaka, halafu anarudi nyuma, anadanganya, anajuta, anajaribu tena. Acompáñame, tamthilia yake ya uzazi wa mpango, ilirushwa 1977 na 1978, na mhusika wake mkuu hakubadilika ndani ya sehemu moja. Ilimchukua miezi.

Tanzania ililipima jambo hili kwa umakini ambao nchi nyingi tajiri hazikuwa zimefikia. Twende na Wakati ilikuwa tamthilia ya redio, haikuwa na picha, lakini mfumo ni ule ule wa Sabido, na somo lake linazihusu filamu moja kwa moja. Radio Tanzania ilianza kuirusha mwaka 1993. Dodoma iliachwa bila matangazo hayo hadi 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers, mtaalamu wa mawasiliano wa Marekani, waweze kulinganisha. Mhusika aliyewakaa watu kichwani ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, ambaye hatimaye anaambukizwa VVU, huku mkewe Tunu akijifunza taratibu kusimama kwa miguu yake. Kwenye maeneo yaliyosikia tamthilia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka na watu wakaeleza kupunguza idadi ya wapenzi. Dodoma ilipofunguliwa matangazo, mabadiliko ya aina hiyo yakaonekana na huko pia.

Mhusika wa aina hiyo akiandikwa kama shetani, hafui dafu. Msikilizaji anapaswa kumpenda kabla ya kuanza kumhofia. Waandishi wengi wa filamu za afya wanashindwa hapa. Mhusika wao mbaya ananuka ubaya tangu anapotokea, mhusika mwema hana doa, na mtazamaji ambaye maisha yake yako katikati hapati wa kukaa naye.

Televisheni ilipata ushahidi wenye nguvu zaidi baadaye. Wachumi Abhijit Banerjee, Eliana La Ferrara na Victor Orozco walifanya utafiti kusini magharibi mwa Nigeria wakitumia MTV Shuga, tamthilia ya vijana kuhusu mapenzi na VVU ambayo misimu yake ya mwanzo ilitengenezewa Kenya. Zaidi ya vijana 5,000 katika maeneo 80 ya mijini waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walionyeshwa Shuga, wengine tamthilia nyingine isiyo na ujumbe huo. Miezi kadhaa baadaye, waliotazama Shuga walikuwa na uwezekano karibu maradufu wa kupima VVU. Kwa wasichana, maambukizi ya klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria, yalikuwa machache kwa kiwango kikubwa, na hilo lilipimwa maabara. Matokeo ya maabara nayapa uzito kuliko majibu ya dodoso, maana mtu anaweza kumwambia mtafiti anachotaka kusikia, lakini bakteria hawana adabu hiyo.

Ndani ya utafiti huo kuna jambo linalowavuruga wapenzi wa midahalo ya baada ya filamu, mimi nikiwemo. Watafiti walijaribu kuongeza nguvu ya jamii: baadhi ya vijana walionyeshwa pia wenzao wanafikiri nini, wengine waliruhusiwa kuja na marafiki. Nyongeza hizo hazikuleta tofauti ya maana juu ya ile iliyoletwa na tamthilia yenyewe. Walioathirika zaidi ni wale waliozama zaidi katika hadithi. Kwa hiyo kabla ya kupanga viti kwa duara na kumtafuta mwezeshaji, swali la kwanza ni kama hadithi inashika.

Hadi hapa nimezungumzia magonjwa yenye hatua inayoonekana: pima, chanja, tumia kinga. Kujitunza ni mtihani mwingine kabisa kwa mtengeneza filamu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kujitunza kuwa ni uwezo wa mtu, familia na jamii kukuza afya, kuzuia maradhi na kukabiliana na ugonjwa, akiwepo mhudumu wa afya au asiwepo. Ukiyavunja vipande, unabaki na mambo yasiyo na mvuto wowote mbele ya kamera: kumeza kidonge cha presha kila siku saa ile ile, kulala kwa wakati, kutembea, kukataa glasi ya tatu, kumwambia rafiki kwamba moyo umechoka. Hayana kilele wala muziki wa ushindi. Mtu akifanikiwa, kinachotokea ni kwamba hakuna kinachotokea.

Ndiyo maana filamu nyingi hukimbilia ujanja ule unaojulikana: wimbo unapigwa, na ndani ya dakika 2 mwili mzito umekuwa mwepesi, mlevi amekuwa mtu safi, aliyevunjika anacheza dansi. Mimi naona hapo ndipo filamu za kujitunza zinapofanya madhara ya kimyakimya. Miezi iliyokatwa ndiyo iliyokuwa na somo. Siku ya 12 inafananaje? Mtu anajiambia nini anaposhindwa siku ya 20? Mtazamaji anayeanza safari yake akiwa na picha ya dakika 2 kichwani, ikifika wiki ya tatu hajaona badiliko, anahitimisha kuwa kasoro iko kwake.

Wapo waliofanikiwa kuligeuza tendo dogo kuwa hadithi. Kampeni ya SuperAmma ilifanyika katika vijiji vya Andhra Pradesh, India, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Shabaha ilikuwa kunawa mikono kwa sabuni. Watengenezaji waliamua kutozungumzia magonjwa kabisa. Badala ya vijidudu na kuhara, walitumia kinyaa na malezi. Filamu yao ya katuni ilimwonyesha mama wa kijijini anayemfunza mwanawe adabu njema, kunawa mikono ikiwa mojawapo, naye mtoto anakua na kuwa mtu wa heshima. Kulikuwa na michezo ya kuigiza na ahadi za hadharani pia, hivyo filamu haikufanya kazi peke yake. Baada ya miezi 6, katika nyakati zinazohitaji kunawa, watu wa vijiji vya kampeni walinawa kwa sabuni mara 37 kati ya 100. Vijiji vya kulinganisha, mara 6. Mzazi anayetaka mwanawe aheshimike yuko kila mahali, na hamu hiyo haihitaji kufundishwa. Kampeni iliikuta na kuitundikia sabuni.

Ukubwa wa onyesho hauna uhusiano wa moja kwa moja na ukubwa wa matokeo. Mwaka 1988 Jay Winsten wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda kwa waandishi wa vipindi vya televisheni vya Hollywood na ombi dogo mno. Hakuomba filamu nzima juu ya ajali za ulevi. Aliomba mstari mmoja wa mazungumzo: kundi likienda kunywa, mmoja wao aseme leo hanywi kwa sababu ndiye atakayeendesha. Ndani ya misimu 4, dondoo za namna hiyo zilikuwa zimepita katika vipindi zaidi ya 160, na wazo la kumteua dereva asiyekunywa likawa jambo la kawaida midomoni mwa Wamarekani. Mstari mmoja ukirudiwa na watu unaowapenda, usiku baada ya usiku, unageuka kuwa desturi bila mtu kukumbuka aliusikia wapi kwanza.

Sasa upande wa pili, kwa sababu mlango huo huo hauchagui mgeni. Mwaka 2003, watafiti wa Dartmouth nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia vijana wa miaka 10 hadi 14 ambao hawakuwa wamewahi kuvuta sigara. Waliokuwa wameona uvutaji mwingi zaidi kwenye filamu walikuwa na uwezekano wa kuanza kuvuta karibu mara 3 ya walioona kidogo kabisa. Mwaka 2012, ripoti ya Mganga Mkuu wa serikali ya Marekani ilikwenda mbali na kusema uhusiano huo ni wa chanzo na matokeo. India ikaanza mwaka huo huo kulazimisha onyo kwenye skrini kila sigara inapoonekana. Hakuna filamu hata moja kati ya zile zilizohesabiwa iliyowaambia watoto wavute. Sigara ilikuwa tu mkononi mwa mtu mrembo aliyeegemea ukuta.

Hospitali za kwenye skrini nazo zina kodi yake. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliohesabu matukio ya kufufua moyo kwa kukandamiza kifua katika tamthilia maarufu za hospitali na kipindi cha uokoaji. Wagonjwa 75 kati ya 100 walifufuka, na 67 walionekana kuishi hadi kutoka hospitalini. Katika uhalisia wa Marekani, anayesimama moyo nje ya hospitali ana nafasi ya kunusurika ya takriban 1 kati ya 10. Kwa upande mmoja tamthilia hizo zimewafundisha mamilioni kwamba kifua kinakandamizwa, na hilo ni jema. Kwa upande mwingine, familia inayokaa na daktari kuamua kama mzee wao afufuliwe au aachwe aende kwa amani, inaamua ikiwa na takwimu za televisheni kichwani. One Flew Over the Cuckoo's Nest ya 1975, iliyobeba tuzo 5 za Oscar, iliionyesha tiba ya mshtuko wa umeme kama adhabu. Leo tiba hiyo hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa za usingizi, na huwasaidia watu wenye sonona kali ambayo dawa zimeshindwa. Bado wapo wanaoikataa kwa sababu ya dakika chache za filamu iliyotoka kabla hawajazaliwa.

Jambo zito kuliko yote ni kujiua. Msimu wa kwanza wa 13 Reasons Why, tamthilia ya mtandaoni ya Netflix kuhusu msichana aliyejiua, ulitoka Machi 2017. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba vifo vya kujiua kwa Wamarekani wa miaka 10 hadi 17 vilipanda kwa asilimia 28.9 mwezi uliofuata. Watafiti wengine walizipitia upya takwimu hizo na kupinga hitimisho hilo, na mjadala haukuisha, lakini Netflix iliondoa onyesho lenyewe la kujiua mwaka huo wa 2019. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwa watengeneza filamu: usionyeshe tendo wala njia, onyesha mtu akitafuta msaada na kuupata, onyesha kwamba maumivu yana namna nyingine ya kupungua. Ushauri huu haukutoka hewani. Mwaka 2010, Thomas Niederkrotenthaler na wenzake nchini Austria walikuta kwamba habari kuhusu watu waliofikia ukingoni kisha wakapata njia ya kuvumilia ziliambatana na kupungua kwa vifo vya kujiua. Simulizi ya aliyerudi huokoa. Kwa hiyo wanaotaka mada hii inyamaziwe kabisa kwenye filamu wanatupa pia dawa iliyomo ndani yake. Na ikiwa wewe mwenyewe uko karibu na ukingo huo, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, au mhudumu wa afya, kabla ya kutafuta filamu yoyote.

Filamu za hali halisi tunaziamini zaidi, na kwa sababu hiyo zinahitaji macho makali zaidi. Katika Super Size Me, iliyotoka 2004, Morgan Spurlock alikula chakula cha McDonald's pekee kwa siku 30. Aliongezeka takriban kilo 11, na madaktari wake wakaonekana kushtushwa na hali ya ini lake. Dunia nzima ilizungumza. Miaka 13 baadaye, mwaka 2017, Spurlock aliandika hadharani kwamba alikuwa mnywaji wa pombe wa miaka mingi. Ini lile sasa lina maelezo mawili na filamu ilitupa moja. Hilo haligeuzi vibanzi kuwa dawa. Hoja ya jumla kuhusu vyakula hivyo imesimama kwenye utafiti mwingine. Ila mtu mmoja kujifanyia majaribio mbele ya kamera yake mwenyewe ni onyesho. Kanuni hii inafaa pia kwa filamu nyingi za lishe zinazotoka sasa, ambamo mgonjwa anabadili chakula na baada ya wiki chache anatupa dawa zake. Filamu ya namna hiyo ikikufanya ule mboga zaidi, umepata faida. Ikikufanya uache insulini, inaweza kukuua.

Furaha ya kutazama tu, bila somo lolote, nayo ina sehemu yake. Mwaka 2005 Michael Miller wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwaonyesha watu 20 vipande vya filamu ya kuchekesha na ya vita kwa nyakati tofauti, akapima mishipa yao ya damu. Kwa 19 kati yao, mishipa ilitanuka baada ya kicheko. Kwa 14, ilibana baada ya vita. Ni watu wachache na ni athari ya muda mfupi, kwa hiyo mtu asijiandikie vichekesho mahali pa vidonge. Lakini anayerudi nyumbani amechoka, akachagua filamu ya kumchekesha badala ya ile ya mafunzo ya afya aliyotumiwa na shemeji yake, hajajinyima kitu.

Tukija kwenye ustawi wa jamii, kutazama pamoja kuna faida yake hata kama utafiti wa Nigeria haukuiona pale ilipotafutwa. Mambo mengine hayabadilishwi na mtu mmoja. Unyanyasaji wa majumbani ni mfano. Mwaka 1999, tamthilia ya Soul City ya Afrika Kusini iliweka suala hilo katikati ya hadithi yake, na waandaaji wakashirikiana na mashirika yaliyokuwa yakishinikiza sheria mpya ya unyanyasaji wa majumbani ianze kutekelezwa. Hapo filamu haimwombi mhanga awe jasiri peke yake. Inamwambia jirani kwamba kelele za nyumba ya pili zinamhusu, na inamwambia kiongozi kwamba watu wameona. Mhanga akijua kwamba jirani naye ameitazama sehemu ile ile jana usiku, kuna jambo limeshabadilika kabla neno halijasemwa.

Kusini mwa Afrika, kuanzia 2001, mradi wa Steps for the Future ulitengeneza filamu za hali halisi kuhusu watu wanaoishi na VVU na kuzipeleka kwa sinema za kuhamahama. Wakati mwingine waliomo kwenye filamu walikuja wenyewe. Taa zikiwashwa, mtu uliyetoka kumwona kwenye turubai amesimama mbele yako, ananenepa, anacheka, anajibu maswali. Hofu nyingi za wakati ule zilitokana na kutomwona mtu wa namna hiyo akiwa mzima, na hakuna bango lingeweza kufanya kazi aliyoifanya yeye kwa kusimama tu pale.

Kwa anayepanga kuonyesha filamu kwa kikundi chake, iwe shule, nyumba ya ibada au chama cha akiba, ningependekeza aitazame kwanza mwenyewe akiwa na kalamu, na asiandike ujumbe wake. Ujumbe kila filamu inao. Aandike vitendo: nani anafanya nini, anakutana na kikwazo gani, anakivukaje, na je, hao watakaokaa kwenye viti wanaweza kufanya hivyo hivyo kesho yake kwa uwezo walio nao? Filamu yenye machozi mengi na isiyo na kitendo hata kimoja kinachoigika itawaacha watu wameguswa na hapo hapo walipo. Majadiliano nayo yaanze kwa wahusika: kwa nini yule alirudi nyuma, wewe ungemwambia nini? Watu huzungumza maisha yao kwa uhuru mkubwa wakiwa wanamsema mtu wa kwenye skrini.

Kisha kuna suala la huduma, ambalo watengeneza filamu huliona si lao. Kuwaambia watu wapime wakati kituo hakina vipimo, au waombe msaada wa afya ya akili mahali ambapo foleni ya kumwona mshauri ni ya miezi, ni kuwafundisha kwamba kujaribu hakuna maana, na safari ijayo hawatajaribu. Ni bora kuonyesha mchana, mhudumu akiwa na meza yake pembeni, kuliko usiku kwenye ukumbi mzuri huku kila mlango wa zahanati umefungwa. Sabido mwenyewe alilipata somo hilo kabla ya Acompáñame, kwenye tamthilia yake ya 1975 iliyohimiza watu wazima kujifunza kusoma. Mwishoni mwa sehemu mojawapo, mwigizaji aliyependwa aliwaeleza watazamaji kuhusu mpango wa taifa wa kujisomea na kuwahimiza wajiunge. Siku iliyofuata watu wapatao 25,000 walifurika kwenye kituo cha kugawia vifaa jijini Mexico City, na magari yakakwama kwa saa nyingi.